Saba Saba, Watu Saba: Siku Nne Dodoma na Kondoa

Ijumaa, 4 Julai

Mwaka 2025 Saba Saba iliangukia Jumatatu, na Bunge la bajeti lilikuwa limeshamalizika, kwa hiyo vyumba Dodoma vilipatikana. Anayeijua Dodoma ananielewa: Bunge likikaa, hata chumba cha uani kinapandishwa cheo. Sisi wa grupu la Wana Chimwaga tulikuwa tunasema "turudi Dodoma, turudi Dodoma" tangu tulipotoka Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, 2013. Safari hii tukachanga kweli.

Tulikuwa saba. Nesi, ambaye ni nesi kweli. Mwalimu, anayefundisha shule ya msingi Tanga. Bonge, ambaye siku hizi si bonge kihivyo ila jina limegoma kutoka. Picha, kwa sababu ya kamera. Mheshimiwa, ambaye tangu bwenini alikuwa akiomba chumvi utadhani anachangia hoja, na mkewe. Na mimi, mtunza hazina, kazi ninayopewa kila mahali kwa kosa la kusoma uhasibu. Mke wa Mheshimiwa wanaume wanamwita shemeji, sisi wanawake wifi. Ni mpole, anasikiliza kuliko anavyosema, na kwenye grupu hayumo kwa kuwa grupu ni la tuliosoma pamoja.

Watano tulipanda SGR kutoka Dar, elfu thelathini na moja kwa kichwa. Picha nusura abaki: tiketi ina jina lake, kitambulisho kiko nyumbani kwenye suruali nyingine. Alikuwa na nakala kwenye simu, akabembeleza mpaka akapita. Treni ilipovuka mahandaki ya Kilosa kila mtu alikuwa dirishani. Baadaye tukapita Igandu, na Mwalimu akanyamaza kidogo. Juni 2002, kwenye reli ya zamani huko huko, treni ya abiria ilishindwa kupanda, ikarudi nyuma bila breki na kugongana na ya mizigo. Walikufa watu zaidi ya 280. Mtu aliyekua miaka ile hapiti Igandu akiwa anatafuna karanga tu.

Nikiwa humo humo kwenye behewa ukaingia ujumbe: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Ujumbe wa matapeli, Watanzania wote tunaujua, tunaucheka. Lakini ulinikuta siku ile ile ambayo nilitakiwa kumalizia pesa ya loji, na kidole changu kilikuwa kimeshafungua menyu. Nikapiga namba ya loji niliyokuwa nimeihifadhi wiki mbili nyuma. Mama wa mapokezi akaniambia, "Sisi hatujatuma kitu, dada."

Tulipofika Dodoma, Mwalimu alitusimamisha kwenye jukwaa la stesheni akaanza kutugawia namba. "Kila tunapopanda gari, kila tunapoondoka mahali, mnataja namba zenu kwa sauti. Mimi moja!" Hakuna aliyeitikia mbili. Bonge akamwambia sisi si darasa la tatu, tena tumekuja likizo. Tukacheka, tukaenda kugombea bajaji.

Mheshimiwa yeye alikuwa ameamua kuja na Prado yake, na alitoka Dar Alhamisi saa nne usiku baada ya kazi, ili "awahi". Waliingia alfajiri, akalala mpaka alasiri. Usiku kwenye nyama choma ndipo wifi akasimulia, akiwa anamwangalia mumewe pembeni.

"Tulipopita Gairo nikaona kichwa kinashuka. Nikamwita. Akasema hajalala, anafikiri."

Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka. Wifi akaendelea taratibu. Mbele kidogo kulikuwa na matawi ya miti yametupwa barabarani. Kwa barabara zetu hiyo ndiyo pembetatu ya mtu asiye na pembetatu: ukiona majani, mbele kuna lori limekufa. Lile halikuwa na taa hata moja, wala kiakisi. Prado ilipita nalo kwa upana wa mlango.

"Alikuwa anafikiri," Bonge akarudia, na tukacheka tena. Wifi hakucheka.

Siku ile tulifanya jambo moja la akili: dompo, ule mvinyo wa Dodoma, lilipoanza kuzunguka mezani, funguo za Prado zikaingia kwenye mkoba wa Nesi. Picha alitaka turudi kwa mshikaki, wanne kwenye bodaboda moja, eti kama zamani. Nesi akamuuliza anakumbuka zamani tulikuwa na kilo ngapi.

Jumamosi, 5 Julai

Asubuhi tulipanda UDOM kujionea. Sitaandika mengi, nostalgia ya mtu mwingine inachosha. Miti imekua.

Tulikodi Noah na dereva, kijana wa hapo hapo Dodoma, kwa kuwa watu saba na mizigo hawakuenea kwenye Prado. Kabla ya kulipa Mwalimu aliizunguka gari kama mnunuzi wa ng'ombe: akabonyeza tairi, akauliza tairi la akiba liko wapi, akavuta kila mkanda. Mkanda wa kati kiti cha nyuma ulikuwa umenasa chini ya godoro la kiti. Kijana wa watu akaung'oa huko kwa bisibisi, unafuka vumbi. Nadhani ulikuwa haujaona jua tangu gari iteremke bandarini.

Barabara ya kwenda Kondoa ni lami tupu. Wanaokumbuka enzi za vumbi, kabla haijazinduliwa 2018, wanajua ile safari ilikuwa adhabu. Sasa tatizo limegeuka: lami nzuri inakaribisha mguu mzito, na ng'ombe hawajaambiwa kwamba barabara imebadilika. Baada ya Mayamaya kundi zima lilikatiza mbele yetu bila haraka, na kijana wetu alikuwa ameshapunguza mwendo kabla mimi sijaliona. Nikamuuliza ameonaje. "Sijawaona ng'ombe, dada. Nimemwona mtoto mwenye fimbo. Ukimwona mtoto, ng'ombe wapo." Mheshimiwa yeye alitupita tukiwa kijijini kwenye kibao cha hamsini, na kilomita chache mbele tukamkuta ameegeshwa pembeni, trafiki wanamwonyesha tochi. Themanini na moja. Elfu thelathini, na siyo ya hazina yangu.

Wifi alikuwa nasi kwenye Noah. Kule mbele alikaa Bonge, kwa sababu ya magoti.

Kondoa baridi ya Julai ilitukuta na nguo za Dar es Salaam. Saa tatu usiku Bonge na Picha wakaomba mapokezi jiko la mkaa "lipashe chumba kidogo". Wakaletewa, mkaa umeiva vizuri, mwekundu, hauna hata moshi. Walifunga dirisha, wakafunga mlango, wakajifunika.

Nesi alipita kuomba dawa ya mswaki. Namshukuru Mungu kwa dawa ile ya mswaki. Aliufungua mlango, akasimama sekunde moja, kisha akalinyanyua jiko kwa khanga yake mwenyewe na kulitoa nje, akafungua dirisha, akawatoa wote wawili barazani na mablanketi yao. Picha alikuwa anasema kichwa kinamgonga, akadhani ni vumbi la safari. "Mkaa ukishaiva ndiyo mbaya zaidi," Nesi akawaambia, "kwa sababu hamuoni moshi mkakimbia. Hewa yake haina harufu. Mnasikia usingizi mtamu, basi, asubuhi tunavunja mlango." Aliwakalisha nje karibu saa nzima, akiwauliza majina yao na ya mama zao kila baada ya muda. Bonge alijibu kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Mhudumu wa loji alishangaa, akasema wageni huomba kila mwaka msimu wa baridi. Alitupa mablanketi mawili ya ziada. Yalikuwepo muda wote.

Jumapili, 6 Julai

Kolo iko kaskazini ya Kondoa, kwenye barabara kuu ile ile ya Babati. Unaanzia ofisi ya Mambo ya Kale, unaandika jina kwenye daftari, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza. Peke yako hupandi. Tulipata mzee mmoja mwembamba mwenye viatu vya kamba vilivyofungwa hasa. Tulimwamkia, akaitikia, halafu macho yake yakashuka miguuni kwetu sote, mmoja mmoja, na yakakaa kwa Bonge.

"Mwanangu, hizo sendo."

"Nimezizoea, mzee."

Mzee hakubishana. Alitazama watu akasema, "Saba. Na dereva nane. Kupanda nane, kushuka nane."

Kutoka Kolo unaiacha lami, unavuka mto ambao Julai ni mchanga mtupu, unakwenda kwa mtikisiko mpaka magari yanapogota, kisha miguu. Kijana wa Noah alipunguza upepo kwenye matairi kabla ya mchanga. Mheshimiwa akasema Prado haihitaji mambo hayo, na kwa haki ya Mungu haikuhitaji. Kulia na kushoto ni makorongo. Nyanda hizi za Kondoa zililiwa na mmomonyoko hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, 1973, na 1979 mifugo ikahamishwa kabisa eneo lililoharibika. Miti imerudi, lakini kingo za makorongo bado ni za kukatika ghafla, na mzee alituonya tusikimbilie njia za mkato.

Michoro yenyewe nikiandika nitaipunja. Unafika kwenye mwamba ulioinama kama paa la kibanda, huoni kitu, kisha jicho linazoea na twiga anatoka kwenye jiwe. Mwekundu wa udongo, shingo imenyooka. Halafu watu wembamba, warefu, vichwa vina nywele nyingi kama miamvuli. UNESCO iliingiza miamba hii kwenye Urithi wa Dunia 2006. Mary Leakey alikuja kuinakili mwanzoni mwa miaka ya 1950. Na wenyeji hawajaacha kufanyia matambiko pale Mungumi, mmoja wa miamba hiyo. Mzee akatuambia wageni wa zamani walikuwa wanamwagia michoro maji ili rangi zing'ae kwenye picha, na maji yakazidi kuifuta. Picha akairudisha chupa yake kwenye begi bila kusema neno. Tukaonyeshwa na mashimo, kazi ya watu wanaotafuta mali wanayoamini Mjerumani aliizika. Nililisogelea moja; kama ni usiku, bila tochi, lingetosha kumvunja mtu miguu yote miwili.

Sasa nifike nisipopenda kufika.

Saa kumi na dakika chache nilikuwa nimekaa kwenye jiwe napiga hesabu: ada, mafuta, posho ya mzee, na ile loji ya Dodoma tuliyokuwa tumeshailipia kwa ajili ya usiku wa Jumapili. Wifi akanigusa bega. "Naenda kuswali hapo nyuma ya mwamba, wifi. Nakuja." Nikasema, "Haya." Sikuinua kichwa.

Dakika kumi baadaye Bonge akapiga yowe. Jiwe lilikuwa limezunguka chini ya ile sendo, na kifundo cha mguu kikavimba tukikiangalia. Nesi alikifunga kwa kitenge, akakikandamiza na chupa za maji zilizobaki na ubaridi. Mheshimiwa na Mwalimu wakambeba Bonge hadi kwenye magari. Prado ikatangulia: Mheshimiwa usukani, Bonge kanyoosha mguu nyuma, Nesi kamshika, mzee mbele anaonyesha njia. Kabla hajafunga mlango mzee aliniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na daftari mkononi: "Hesabu wenzako, mama, ndipo mfuate."

Nikamwambia, "Sawa mzee." Nikapanda Noah. Mwalimu, Picha, mimi, dereva. Nikaona Prado imeondoka na Mheshimiwa, na kichwani mwangu mke yuko na mumewe. Mheshimiwa naye aliona mkewe amekaa Noah tangu jana, kwa hiyo yuko Noah. Hakuna aliyesema uongo.

Tulifika Kolo, nikanunua maji dukani, chupa ndogo nane na moja ya mzee. Nikagawa. Nikabaki na mbili: yangu, na nyingine.

Niliiangalia ile chupa. Inatoa jasho mkononi mwangu. Nikamwita Mheshimiwa, nikamuuliza wifi yuko wapi, na nilipoona anageuka kuitazama Noah nikajua.

Simu yake ilikuwa haipatikani. Kule mtandao unakuja na kuondoka. Mheshimiwa alitaka kuondoka mbio peke yake. Mzee akamshika mkono wa shati: "Wewe hujui njia, na jua linazama. Tukikutafuta na wewe, waliopotea watakuwa wawili." Akauliza swali la maana kuliko yote: nani kamwona mara ya mwisho, saa ngapi, amevaa nini? Mtu wa kujibu la kwanza nilikuwa mimi, na nilijibu. Saa ngapi tulijua kutoka kwenye kamera ya Picha. Picha ya saa kumi na dakika kumi na mbili ina Bonge anakaza uso mbele ya twiga, na nyuma kabisa, ukiikuza, mtandio wa kijani unapinda kona ya mwamba.

Waliokwenda ni mzee, Mheshimiwa na dereva wa Noah. Nilikatazwa. Nesi alisema Kolo lazima abaki mtu mwenye simu yenye chaji, endapo wifi atatembea mwenyewe mpaka barabarani, na ikibidi tupige 112. Nilikaa kwenye benchi la duka nimeshika chupa ya maji ya mtu. Mwenye duka, mama wa Kirangi, alinipa pole, kisha akaniuliza kama kuna fisi kwetu Dar. Nadhani alikuwa anataka tu kuzungumza.

Walirudi kigiza kinaanza. Walimkuta pale pale magari yalipokuwa yameegeshwa. Alikuwa ameufunga mtandio kwenye tawi, upande wa njia, uonekane kutoka mbali. Amejitanda khanga, amekaa juu ya jiwe na watoto wawili wachunga mbuzi waliokataa kumwacha peke yake. Wanakula ubuyu. Aliposhuka kwenye gari neno lake la kwanza lilikuwa, "Bonge anaendeleaje?"

La pili lilikuwa langu. Aliichukua chupa mkononi mwangu, akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie: "Nilikuaga."

Mheshimiwa alikuwa anataka turudi Dodoma usiku huo, loji imeshalipiwa, kesho treni. Wifi alikuwa anafungua maji. "Tunalala Kondoa," akasema. Hakuna aliyechangia hoja. Elfu mia na tano ya loji ya Dodoma ikapotea, nikaiandika kwenye daftari chini ya jina langu.

Jumatatu, 7 Julai

Hospitali asubuhi, Bonge akapigwa picha, hakuna mfupa uliovunjika. Kadi ya bima aliiacha Dar pamoja na viatu vyake vya kamba. Hazina ikalipa.

Kabla ya kutoka Kondoa tulisimama nje ya loji, magari mawili milango wazi. Mwalimu alisita, nadhani aliona aibu kurudia. Wifi ndiye aliyesema, "Moja." Tukataja wote mpaka saba, Bonge kwa mguu mmoja. Tulihesabu tena Chemba tulipochimba dawa, na tena kituo cha mafuta. Kufikia Dodoma mwenye kituo alifikiri sisi ni kwaya.

Mheshimiwa hakurudi peke yake na Prado. Mwalimu alimsindikiza, wapokezane kila baada ya saa mbili, waondoke mchana, na wakifika Morogoro kigiza kimeingia walale. Wifi akapanda treni nasi, kwenye kiti alichokuwa amekatiwa Mwalimu. Tulipanga foleni dirishani kubadilisha jina, kwa kitambulisho chake, na safari hii Picha alikuwa na chake pia. Njiani hakuongea sana. Baada ya Gulwe nilimwambia samahani, ile ya kweli, siyo ya "samahani wifi jamani". Aliangalia nje akasema pale juu ya jiwe alikuwa haogopi fisi. Alikuwa anajiuliza tu itachukua muda gani mtu kukumbuka.

Kabla hatujafika Pugu nilimwingiza kwenye grupu. Watu wakamkaribisha kwa vikatuni vya kucheza. Yeye akaandika neno moja: "Nani kafika?"

Saa tatu na nusu usiku Nesi akaandika "mbili". Picha "tano". Bonge akaandika "nne" mara mbili, akaambiwa hajaongezeka. Mimi tatu. Wifi, moja.

Ikabaki ya Mheshimiwa na ya Mwalimu. Nilioga, nikatoa nguo zenye vumbi jekundu la Kolo, nikarudi kwenye simu. Saa nne kasoro ikaingia picha ya chumba cha loji Morogoro, vitanda viwili, na funguo za Prado juu ya meza. Chini yake Mwalimu ameandika: "Sita na saba. Sita anakoroma."